Fundi hakuharibu rangi ya Probox ya mathe. Ni mimi

Wasee, mnaikumbuka ile video yangu ya Desemba? Ile nimesimama kando ya Probox nyeupe, nabonyeza mapovu kwa kidole, nasema "hii ndio kazi ya mafundi wa Nairobi"? Ilitazamwa mara 180,000. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikafika hapo. Juzi niliitoa, na wengine wenu mkaingia inboksi kuniuliza kama fundi alinilipa ninyamaze. Hakunilipa. Fundi mwenyewe hata hakushika simu yangu mara mbili za kwanza, na nikifikiria vizuri, hata mimi nisingeshika.

Hii posti ni ndefu. Kama umesimama kwa matatu umeshikilia chuma kwa mkono mmoja, ihifadhi uisome ukifika nyumbani.

Gari ni ya mathe. Yeye huuza mayai, anasambaza kwa vioski na hoteli ndogo ndogo kuanzia saa kumi na moja asubuhi, na hiyo Probox ndio ofisi yake. Matatu ilikuwa imeikwaruza upande wa kushoto, kutoka fenda mpaka mlango wa nyuma, na huko chini ya milango kutu ilikuwa imeanza kula polepole. Mathe akanipa elfu 40, akaniambia, "Wewe si ndio hukesha ukiangalia magari kwa simu? Enda ushughulikie." Nikajiona meneja.

Fundi aliizunguka mara mbili bila kusema kitu. Akainama, akagonga chini ya mlango wa nyuma kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, halafu akasogea kidogo akagonga tena, na hapo sauti ikawa nzito kama ya mtu anagonga mkate. Akasema hapo ndani pameoza, lazima pakatwe, chuma kipya kichomelewe. Elfu 65, siku 10.

Nikacheka ile kicheko ya mtu ameshazoea kupunguza bei Gikomba. Nikamwambia mzee, niko na 35, na nataka gari baada ya siku 4 kwa sababu mathe hawezi kukaa bila gari. Hapo pa kuoza weka filla tu, sisi hatuendi nayo mashindanoni. (Hesabu haijakutoroka, najua. 40 toa 35. Hiyo elfu 5 ilinunua taa ya kurekodia. Mathe, kama unasoma hii, tutaongea jioni.)

Fundi akanyamaza. Akamwangalia kijana wake, kijana akaangalia chini. Halafu akasema, "Sawa, kijana yangu. Ilete."

Hiyo "sawa" ndio nataka tuongee leo.

Ukiingia duka la rangi pale Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, utapata kwamba bei ya vitu haijui kama wewe ni mjanja. Klia na hadina yake ni bei ile ile. Praima, filla, thina, rangi yenyewe iliyochanganywa ifanane na ya gari yako, hizo zote fundi ananunua kwa pesa taslimu kama mtu mwingine yeyote. Kwa hivyo nikimtoa fundi elfu 30 kwa bei, hiyo elfu 30 haitoki dukani. Inatoka mahali pamoja tu penye inaweza kutoka. Siku. Zile siku 10 zikawa 4, na siku 6 zilizopotea zote zilikuwa za kitu kimoja ambacho mteja haoni na hapigi picha. Kusugua.

Mimi nilikuwa nadhani kusprei gari ni kusprei gari. Mtu amevaa ovaroli, ameshika bunduki ya rangi, kompresa inanguruma, ile ukungu mzuri inatoka, gari inabadilika. Hiyo sehemu kweli iko, na ukiiona ni tamu. Lakini kwa kazi ya siku 10 hiyo ni kama masaa machache. Zingine zote ni matayarisho. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinitarajie niwape kemia ya maana, lakini Januari hii nilikaa kwa hiyo gereji siku tano nikisugua kwa mikono yangu, kwa sababu hiyo ndio masharti fundi alinipa ndio arudie kazi: "Utakuja usugue na huyu." Huyu ni yule kijana wake. Tuko rika moja, tofauti ni miezi kadhaa.

Siku ya kwanza hata hatukugusa msasa. Tuliosha. Sabuni, maji, halafu gari ikauke, halafu kitambaa chenye dawa ya kutoa mafuta, na kitambaa kingine kisafi nyuma yake kabla haijakauka. Nikauliza kwa nini tunaosha kitu ambacho tunaenda kukikwaruza. Kijana akaniambia kuhusu silikoni. Ile mafuta ya kung'arisha dashibodi na tairi, yenye vijana wa kuosha magari wanapenda kupaka, mara nyingi iko na silikoni. Ikibaki kwa bodi hata kidogo, rangi ikipita juu inakimbia, inaacha vishimo vya mviringo, wanaviita macho ya samaki. Na ukianza kusugua kabla hujaosha, unaichapa ile mafuta iingie ndani ya mikwaruzo ya msasa, sasa kuitoa ni vita. Pia usiguse kwa mkono mtupu sehemu iliyo tayari, kwa sababu mkono wako uko na mafuta hata kama umetoka kuoga.

Baada ya hapo ndio msasa. By the way... ngoja, nimejiambia posti hii niandike Kiswahili. Haya, kwa njia ya kando: msasa ni mti. Nilidhani ni jina la karatasi tu. Majani yake yanakwaruza, na watu walikuwa wanasugulia mbao nayo kabla karatasi za dukani hazijafika. Sasa kila nikishika ile karatasi naona babu fulani anasugua kinyago kwa jani.

Karatasi inakuja na namba. Namba ndogo ni kali, namba kubwa ni laini. Filla unaianza na 80, ile inakula kama paka mwenye hasira, halafu 120, halafu 180, halafu unaenda juu, 320 kabla ya praima, na praima yenyewe ikikauka unaisugua na 600 au 800 ndio ipokee rangi. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Hakuna namba unaruka kwa furaha. Ukiruka kutoka 80 mpaka 400 kwa sababu mteja amesema Ijumaa anataka gari, mikwaruzo ya 80 inabaki pale chini, mirefu, na wewe unaijaza na praima nene.

Na hapa ndio nilipigwa na butwaa. Ijumaa hiyo hutaona kitu. Praima imejaza, rangi imefunika, klia inang'aa, gari ni kioo. Lakini praima nene iliyoharakishwa bado iko na thina ndani. Wiki zinapita, thina inatoka polepole, praima inanywea, inashuka ndani ya mikwaruzo, na klia inaifuata chini. Siku moja saa sita mchana, jua kali, unaona mistari kwa mlango kama mtu aliuchana na kitana. Fundi hajafika kwako usiku. Hiyo mistari ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kwa hivyo zile video zetu za "kabla na baada", zangu zikiwemo, hazina maana yoyote. "Baada" tunairekodi siku gari inatoka gereji, siku pekee ambayo kila kazi, mbaya na nzuri, inafanana. Mtu akitaka kunionyesha kazi ya fundi wake, anionyeshe gari iliyosprei miezi sita iliyopita, imepita mvua ya Novemba na jua la Februari. Hapo tutaongea.

Sasa mapovu ya mathe. Kwa video niliyoitoa, nilisema fundi alitumia rangi feki. Niliitoa wapi hiyo? Kwa komenti ya mtu mwingine. Ukweli ni huu. Filla ikikauka iko kama sponji, inakunywa maji. Ndio maana inafaa kusuguliwa kavu, ile vumbi yote, na kavu ni polepole, karatasi inajaa haraka na unamaliza nyingi. Ukimwaga maji kwa ndoo, kazi inaenda mbio, vumbi hakuna, karatasi inadumu. Lakini maji yanaingia ndani ya filla, unayafungia na praima, na yanakaa hapo yakingoja. Kwa siku 4, kijana alitumia ndoo. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kuona haya. "Ungefanya nini?"

Na hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni ile kutu chini ya mlango, yenye nilisema iwekwe filla juu. Kutu haikufi kwa sababu umeifunika. Kule ndani ya mlango hakuna rangi, maji ya mvua yanashuka kupitia kioo, yanakaa chini, na yanakula chuma kutoka upande wenye huoni. Filla ilikuwa imeshikilia kitu ambacho kinageuka unga. Mvua za Novemba zikaja, mathe akaendelea kupeleka mayai kwa madimbwi ya Eastlands, na kufikia Desemba mlango ukaanza kutoa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa chai. Tulipoifungua Januari, kijana aliingiza bisibisi pale chini ikapita mpaka upande ule mwingine. Hakusukuma hata.

Fundi alikuwa ameniambia. Aligonga na akaniambia. Nilikuwa na hiyo klipu kwa simu, sauti yake inasikika vizuri, na nikiunganisha ile video ya hasira niliikata.

Nilivyoposti, sikutaja jina la gereji, na nilijisifu kwa hilo. Lakini geti lilikuwa nyuma yangu, na geti iko na mchoro. Mtu akalitambua, akaandika kwa komenti. Ndani ya siku tatu watu walikuwa wanapita pale wakipiga picha. Wateja wawili waliokuwa wameacha magari walikuja wakayachukua kabla hayajaisha, mmoja yakiwa na praima tu. Kijana hulipwa kwa gari. Hakuna gari, hakuna kitu, na hiyo ilikuwa wiki ya Krismasi. Hili aliniambia siku ya pili ya kusugua, tukiwa tumepiga magoti pande mbili za mlango mmoja, bila hata kuinua macho. Sikuwa na la kusema. Nikaendelea na 180.

Kuna kitu hapo nilijifunza ambacho nitawapa bure. Usiamini macho kwa bodi ya gari. Weka kitambaa chembamba juu ya bodi, laza kiganja chote, funga macho, na upitishe mkono taratibu kutoka sehemu nzuri mpaka sehemu iliyorekebishwa. Mkono unasikia kilima na bonde ambalo jicho halioni. Kijana alikuwa anafunga macho kabisa, anainamisha kichwa kama anasikiliza redio. Mimi mwanzo nilikuwa naona imenyooka kama rula, yeye anaweka alama tatu za penseli. Halafu anapuliza rangi nyeusi nyepesi sana juu ya praima, kama vumbi, na anasugua na karatasi iliyofungwa kwa kibao kilichonyooka (kwa sehemu za kona anatumia kipande cha patipati). Penye ni juu panakuwa safi. Penye ni chini nyeusi inabaki. Nyeusi ikibaki, unarudi. Unarudi tena. Saa nane mchana mabati yanachemka juu ya kichwa na wewe unarudi.

Na usidanganyike na gari yenye iko na praima ya kijivu. Kila kitu kisichong'aa kinakaa kimenyooka. Klia ndio mchawi. Klia haifichi kitu, klia inaleta taa, na taa ndio inaonyesha. Rangi nyeusi ndio mbaya zaidi, inaanika kila dhambi. Mathe kuwa na gari nyeupe ilikuwa bahati yangu, la sivyo mngeona mawimbi kwa ile video hata kabla ya mapovu.

Mtu ataniambia, sasa peleka mahali pako na oveni. Hii stori ya oveni tunaipenda sana. Chumba cha kusprei chenye hewa iliyochujwa na joto ni kitu kizuri, vumbi haishiki kwa klia, 2K inakauka vizuri hata Julai ile Nairobi inakuwa friji. Lakini oveni inaanza kazi pale msasa umemalizia. Ukiingiza mlango uliooza ndani ya oveni utatoka mlango uliooza unaong'aa. Nimeona watu wanalipa pesa mingi ya oveni halafu wanamwambia fundi aharakishe matayarisho, yaani mtu ananunua suti ya bei na hataki kuoga.

Kama unanunua gari iliyotumika, na wengi wetu ndio tutaanzia hapo, yote haya yanakusaidia. Angalia mipira ya madirisha. Kazi ya haraka haitoi mipira na vishikio, inavizungushia tepu na magazeti, na kila mara rangi kidogo inavuka, unaona kamstari keupe juu ya mpira mweusi. Pale ukingo wa tepu ndio rangi huanza kubanduka. Beba sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze, ipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu. Mahali inakataa kushika, chini yake kuna filla nene, sio chuma (bampa usihesabu, ni plastiki). Na kama muuzaji anakuambia gari imebadilishwa rangi, angalia logibuku. Rangi ya gari imeandikwa hapo, na mabadiliko lazima yajulishwe NTSA. Kama logibuku inasema fedha na gari ni bluu, hiyo ni shida unanunua pamoja na gari.

Sasa kitu chenye kilinifanya niandike hii posti badala ya kuomba msamaha kwa hadithi ya saa 24 na kuendelea na maisha. Kijana anakohoa.

Sio kile kikohozi cha mafua. Ni kavu, inakuja usiku akiwa amelala na ikifika wikendi ya kupumzika inapungua. Yeye ndio huchanganya klia na hadina, na siku hizi ndio hupiga klia pia kwa sababu mkono wa fundi umeanza kutetemeka. Klia ya 2K inakauka kwa sababu ya hadina, na ndani ya hadina kuna kemikali zinaitwa isosayaneti. Ukizivuta kwa muda zinaweza kukupa pumu ya kazini, na mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana kinakuangusha. Unaweza kuvuta kiasi cha kukudhuru bila kusikia harufu yoyote. Ule ukungu unabaki hewani hata baada ya bunduki kunyamaza, ndio maana mtu anatoa barakoa mapema akidhani ameisha. Uingereza, idara ya serikali ya usalama kazini inataka anayesprei hizi vitu avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Huyu kijana anavaa ile ya kitambaa ya enzi za korona. Ile inazuia vumbi kidogo. Mvuke inapita kama haioni kitu.

Akimaliza, anakunywa maziwa. Mafundi wengi wanaamini maziwa yanaosha kifua. Sitaki kuwacheka, hata mathe angeniambia hivyo. Lakini maziwa yanaenda tumboni na hii kitu iko kwa mapafu, hizo ni njia mbili tofauti. Nilimwambia. Akasema, "Najua. Lakini nikikunywa nasikia ni kama nimefanya kitu."

Sheria tuko nayo, Occupational Safety and Health Act ya 2007, inasema mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini mwajiri hapa ni mzee mwenye mabati, kompresa moja, na wateja kama mimi. Barakoa ya maana na hewa yake angetoa kwa pesa gani? Kwa ile 35 yangu? Nilipotoa siku 6, sikutoa tu ubora wa mlango wa mathe. Kitu cha kwanza kutoka kwa bei yoyote iliyobanwa ni kile kinachomlinda mtu, kwa sababu gari inaweza kutoka gereji bila hicho na mteja asijue.

Najua komenti zinakuja. "Buda, wewe hujakutana na mafundi wezi." Nimekutana nao. Kuna wenye wanaongeza thina kwa klia mpaka inakuwa maji, wenye wanakuambia 2K na kupiga ile ya bei rahisi inayofifia, wenye wanatoa taa zako nzuri na kurudisha zingine. Sisemi walipwe tu wanavyotaka. Nasema kwamba ukipunguza bei bila kuuliza ni nini kinapungua, umemfungulia mwizi mlango na mtu mwaminifu umemlazimisha afanye kama mwizi. Nenda na fundi dukani, nunua vitu pamoja naye, chukua risiti. Lipa kwa hatua. Sema unataka kuona gari mara tatu, ikiwa chuma kitupu kabla ya filla, ikiwa filla kabla ya praima, na praima kabla ya rangi. Fundi mbaya atachukia kukuona. Mzuri atakuitia kiti, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu anaangalia ile kazi ngumu. Na kama pesa haitoshi gari yote, sprei mlango mmoja vizuri. Mathe alikuwa anahitaji mlango na fenda. Mimi ndio nilitaka gari yote ing'ae, kwa ajili ya video.

Pia naona fundi alikosea kusema sawa. Nilimwambia hivyo uso kwa uso. Kama unajua kitu kitaharibika, kataa. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Kodi ilikuwa tarehe tano, wewe ulikuja tarehe tatu." Sijui kama hilo ni jibu. Mimi mwenyewe nimewahi kusema sawa kwa tangazo la dawa ya ngozi ambayo singempaka mbwa, kwa sababu ya tarehe tano.

Hii mara ya pili tumekubaliana 28 kwa upande wa kushoto peke yake, chuma kimekatwa, kipya kimechomelewa, na ndani ya mlango kumepakwa dawa ya kutu, mahali hakuna mtu ataona milele. Nimeuza ile taa ya kurekodia. Pesa yake pamoja na kidogo nilikuwa nayo ilienda kwa barakoa ya kijana, ile ya vichujio viwili vya mvuke. Sio ile ya mpira wa hewa, hiyo sikuweza. Amesema inamfinya pua. Nimemwambia avae hivyo hivyo. Mkijua mahali ya hewa inapatikana kwa bei ya kuongea, nitumieni, na safari hii kuongea nitaongea kwa adabu.

Gari bado haijapigwa rangi. Iko chini ya mabati na praima ya kijivu, na tulikuwa tuipige Alhamisi lakini kukawa na unyevu asubuhi, fundi akagusa boneti, akasema tungoje. Praima pia inakunywa maji, kwa hivyo haitoki kwa mabati hata kwa dakika tano. Mathe anapeleka mayai kwa bodaboda, trei sita kwa mara moja, na jana mbili zilivunjika pale kwa matuta. Ananipigia kila jioni kuuliza kama iko tayari. Namwambia bado.